Hakuna Kibete Moto Bila Mwenzi

Msikilizaji, katika mazungumzo ya leo nataka tuangalie aina moja ya nyota ambayo, kwa kanuni za kawaida za maisha ya nyota, haikupaswa kuwapo kabisa. Ni nyota ndogo. Uzito wake ni karibu nusu ya uzito wa Jua letu, na upana wake ni kama moja ya tano ya upana wa Jua. Lakini uso wake una joto la kati ya nyuzi 20,000 na 40,000, ilhali uso wa Jua haufiki nyuzi 6,000. Kwa joto hilo nyota hizi hung'aa buluu, na sehemu kubwa ya mwanga wake ni urujuanimno, ambao macho yetu hayauoni. Milton Humason na Fritz Zwicky walichapisha orodha ya mwanzo mwaka 1947, walipokuwa wakisaka nyota hafifu za buluu mbali na ukanda wa Njia Nyeupe, na tangu hapo idadi imekua hadi maelfu. Kwa kuwa mwangaza wake uko chini ya ule wa nyota za kawaida zenye joto kama hilo, wanafalaki waliziweka katika daraja la chini ya vibete. Sisi hapa tutaziita vibete moto. Na ninachokitetea leo ni hiki: kibete moto hakijitengenezi. Kila kimoja tunachokiona katika ujirani wetu wa galaksi ni kazi ya nyota mbili, hata kile ambacho leo kinaonekana kiko peke yake.

Ili tuone kwa nini nyota hii ni kitendawili, tuanze na maisha ya nyota kama Jua. Kwa mabilioni ya miaka nyota hiyo huunganisha haidrojeni kuwa heliamu ndani ya kiini chake, na nishati inayotoka humo ndiyo nuru tunayoipata. Haidrojeni ya kiini ikiisha, kiini hujikaza na kuzidi kupata joto, na tabaka za nje huvimba hadi nyota inakuwa jitu jekundu, pana zaidi ya mara mia kuliko ilivyokuwa. Huku nje ikivimba, kiini kinaendelea kulimbikiza heliamu. Kikifika karibu asilimia 47 ya uzito wa Jua, heliamu nayo inawaka kwa kishindo, jitu linasinyaa, na nyota inaanza awamu mpya ikiwa na kiini cha heliamu inayowaka chini ya joho nene la haidrojeni. Sasa tazama kibete moto. Kiini ni kilekile, uzito ni uleule wa karibu nusu ya Jua, heliamu inawaka vilevile. Joho ndilo halipo. Kilichosalia juu ni utando mwembamba wa haidrojeni usiofika hata asilimia 2 ya uzito wa Jua. Maana yake ni kwamba nyota ilipoteza sehemu kubwa mno ya mwili wake, na tena iliipoteza kwa wakati maalumu. Ingevuliwa joho mapema, kiini kisingefikia uzito wa kuwasha heliamu. Kingepoa polepole na kuishia kuwa kibete cheupe, yaani mabaki ya nyota yasiyo na moto ndani. Ingevuliwa baadaye, heliamu ingekuwa imekwisha kuwaka, na jitu likishasinyaa si rahisi kulivua kitu. Lazima joho litoke pale jitu linapokaribia kilele cha uvimbe wake. Nani basi alikuwapo wakati huo, na alitumia nguvu gani?

Jibu la kwanza la kuaminika lilikuja mwaka 2001. Pierre Maxted na wenzake nchini Uingereza walichukua vibete moto kadhaa na kupima mwendo wa kila kimoja usiku baada ya usiku. Kipimo chenyewe kinategemea athari ya Doppler: nyota ikija kuelekea kwetu, mistari ya mwanga wake husogea upande wa buluu, na ikienda mbali nasi husogea upande wa nyekundu. Nyota inayozungukana na nyingine itaonekana ikija na kurudi kwa zamu. Walikuta kwamba takriban theluthi mbili ya vibete moto hivyo vinayumba namna hiyo, na mzunguko mmoja unachukua saa chache au siku chache tu. Uchunguzi mwingine uliofuata, kwa nyota zilizochaguliwa kwa njia tofauti, ulipata asilimia 40 hivi. Tofauti hiyo ipo na haifai kufichwa, lakini hata tukishika namba ndogo bado ni kubwa mno. Nyota za kawaida za aina ya Jua zenye mwenzi wa karibu kiasi cha kuzungukana naye kwa siku chache ni asilimia chache tu. Msikilizaji anaweza kuuliza: je, si kwamba jozi za karibu ni rahisi kugundulika, ndiyo maana zinaonekana nyingi? Ni swali zuri, lakini ukilifuata linaiimarisha hoja hii. Kama kipimo kinaona jozi za karibu na kukosa zile za mbali, basi wapo wenzi ambao hakikuwahesabu, na idadi ya kweli ni kubwa kuliko iliyotangazwa. Tutawafikia wenzi hao wa mbali baadaye kidogo.

Kwanza tuikaribie jozi moja, kwa sababu ndani yake ushahidi wote umekaa wazi. Inaitwa HW Virginis, na iko katika kundinyota la Mashuke, umbali wa zaidi ya miaka-mwanga 500. Tabia yake iligunduliwa hapahapa Afrika: mwaka 1986 John Menzies na Fred Marang, wa kituo cha taifa cha falaki cha Afrika Kusini, walitangaza kwamba nyota hii inapatwa. Kila baada ya saa 2 na dakika 48 mwanga wake unaporomoka kwa karibu nusu, kisha unarudi, na tukio zima linamalizika kwa dakika 20 hivi. Kinachopita mbele ya kibete moto ni kibete chekundu, nyota baridi yenye asilimia 14 tu ya uzito wa Jua, ambayo peke yake isingeonekana kabisa pembeni ya jirani mkali kama huyo. Ajabu ni kwamba kwa upana nyota hizi mbili zinakaribia kulingana, kila moja ikiwa na chini kidogo ya moja ya tano ya upana wa Jua. Na mwanga wa jozi hii hautulii hata nje ya kupatwa. Kibete moto kinaunguza upande mmoja tu wa mwenzi wake, ule unaokitazama daima, kwa hiyo kadiri mwenzi anavyozunguka na kutugeuzia uso uliochomwa, mwanga unapanda taratibu. Anapotugeuzia kisogo, unashuka. Mtu akichora mwanga huo kwenye karatasi anapata mlima laini wenye bonde refu upande mmoja na kijibonde kifupi kileleni, pale kibete moto kinapomfunika mwenzi. Mchoro wa namna hiyo hauna maelezo mengine. Ni mwenzi anayeonekana kwa jinsi anavyochomwa.

Sasa weka vipimo viwili pamoja. Umbali kati ya vitovu vya nyota hizi mbili ni kilomita laki 6 hivi. Nusu-kipenyo cha Jua peke yake ni kilomita laki 7. Yaani jozi nzima ya HW Virginis, nyota zote mbili na nafasi iliyo kati yao, ingeingia ndani ya Jua na nafasi ikabaki. Lakini tumekwisha kusema kwamba kibete moto ni kiini cha jitu jekundu lililokuwa pana zaidi ya mara mia kuliko Jua. Kwa hiyo mahali anapozunguka mwenzi leo ni mahali palipokuwa ndani, tena ndani sana, ya mwili wa jitu lile. Hakuna namna ya kulikwepa hilo. Ama mwenzi alizaliwa ndani ya jitu, jambo lisilowezekana, ama aliingia kutoka nje na akaokoka. Mwaka 1976 Bohdan Paczyński alieleza jinsi jambo hilo linavyoweza kutokea, na maelezo yake ndiyo msingi wa fikra za leo. Jitu linavimba hadi gesi yake inavuka mpaka wa mvutano wake na kumwagikia mwenzi. Mwenzi mdogo hawezi kuimeza gesi yote hiyo kwa kasi inayokuja, kwa hiyo inawafunika wote wawili, na joho la mmoja linakuwa joho la wawili. Humo ndani mwenzi anaendelea kuzunguka huku akisukumana na gesi, kama mwiko kwenye uji ulioanza kushika: kila mzunguko unamla nguvu, na nguvu hiyo haipotei bali inahamia kwenye kile kinachokorogwa. Mwenzi anapoteza nishati ya mzunguko na kuzama kuelekea kiini. Gesi inapokea nishati hiyo, inapata joto na kasi, na hatimaye inarushwa nje. Kazi inapomalizika kuna magimba mawili yanayozungukana kwa karibu, na moja kati yao limevuliwa nguo zake zote.

Hapa kuna pingamizi lenye uzito. Mwenzi wa HW Virginis walau ni nyota kamili, ingawa ni ndogo. Lakini katika miaka ya karibuni wamegunduliwa wenzi wadogo zaidi. Mwaka 2011 Stephan Geier na wenzake walitangaza jozi inayozungukana kwa saa 2 na dakika 18, ambamo mwenzi ni kibete cha kahawia, yaani gimba lisilofikia uzito wa kuwasha haidrojeni. Mwaka 2014 Veronika Schaffenroth na wenzake walitangaza nyingine, inayozungukana kwa saa 1 na dakika 40, na mwenzi wake ana asilimia 6 hivi tu ya uzito wa Jua. Je, kitu kidogo kiasi hicho kinaweza kweli kumvua nguo mtu mkubwa kuliko yeye mara kumi na zaidi? Mimi naona kinaweza, na sababu iko katika hali ya jitu lenyewe. Joho la jitu jekundu lililokaribia kilele cha uvimbe wake limeshikiliwa kwa mvutano dhaifu sana, kwa kuwa gesi iko mbali mno na kiini. Wakati huohuo, nishati anayoitoa mwenzi inakua kadiri anavyozama. Akikaribia kiini, hatua fupi inalipa nishati nyingi. Mwenzi mdogo hulipa kwa kuzama zaidi, na kweli wenzi hawa wadogo ndio tunaowakuta karibu kabisa na vibete moto vyao. Nakubali kwamba hesabu kamili ya tukio hilo bado ni ngumu, na kompyuta kubwa za leo zinahangaika kulifuata tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini ugumu wa kuhesabu tukio haulifuti tukio ambalo matokeo yake yanapimwa angani kila usiku. Jozi hizi ni ushuhuda unaoibana nadharia, na nadharia itakayokataa kwamba kibete cha kahawia kinatosha itakuwa imekataa kitu kinachoonekana.

Tofauti ni pale watu wanapotaka kuisogeza hoja hii mpaka kwenye sayari. Hapo nasita. Mwaka 2011 jarida la Nature lilichapisha habari za sayari mbili ndogo zinazokizunguka kibete moto kimoja kwa chini ya saa 10, kama mabaki ya sayari kubwa zilizozama ndani ya jitu. Data ndefu zaidi za darubini ya Kepler zilipochambuliwa baadaye, ishara zile hazikutenda kama sayari zinavyotenda. Kwa HW Virginis yenyewe, kikundi cha Jae Woo Lee cha Korea Kusini kilipendekeza mwaka 2009 kwamba magimba mawili yanaizunguka jozi kutoka mbali, kwa kuwa saa za kupatwa zilikuwa zikitangulia na kuchelewa. Wengine walipoyafuata magimba hayo kwa hesabu za muda mrefu waliona njia zake hazingedumu, yangegongana au kutupwa nje. Yamependekezwa mengine badala yake, nayo yamegombaniwa. Mwenzi anayepita mbele ya nyota na kuzuia nusu ya mwanga wake ni jambo moja. Mwenzi anayekisiwa kutokana na sekunde chache za kuchelewa ni jambo jingine, na tusiwaweke kwenye mizani moja.

Turudi kwa wenzi wa mbali. Vibete moto vingi vina mwanga uliochanganyika, buluu ya kibete na manjano ya nyota iliyo kama Jua, na kwa miaka mingi haikujulikana nyota hizo mbili zinazungukana kwa muda gani. Ilibidi watu wawe na subira. Joris Vos, Roy Østensen na wenzao walizifuatilia kwa miaka wakitumia darubini ya Mercator iliyoko La Palma, Visiwa vya Kanari, na tangu mwaka 2012 majibu yakaanza kutoka: mizunguko ya siku 500, siku 700, siku 1,000 na zaidi. Hapa mwenzi hakuzama. Alikuwa na uzito wa kutosha kuipokea gesi bila kufunikwa, kwa hiyo joho la jitu lilihamia kwake kwa utulivu au lilipotelea angani, na jozi ikatanuka badala ya kubana. Mpinzani atasema: hao wako mbali mno, pengine ni majirani tu, na kibete moto kilivua joho chenyewe kwa upepo wake. Pendekezo la upepo si la kipuuzi. Majitu mekundu hupoteza gesi kwa upepo, na Noella D'Cruz na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba nyota ikipoteza gesi kwa kasi kuliko kawaida inaweza kuwasha heliamu ikiwa karibu uchi. Kwa hiyo tunahitaji kipimo kinachotofautisha jirani aliyekaa tu na mshiriki aliyepokea gesi.

Kipimo hicho kilifanywa na Ingrid Pelisoli na wenzake mwaka 2020, na kwangu mimi ndicho kilichoigeuza hoja hii kutoka dhana kuwa hukumu. Walijiuliza maswali mawili. La kwanza: mwenzi aliyepokea gesi ya jitu lazima pia awe amepokea msukumo wa kuzunguka kwenye mhimili wake, kwa hiyo angepaswa kuwa anajizungusha haraka kuliko nyota za umri wake. Wakatumia satelaiti ya TESS kufuatilia madoa yanayokuja na kupotea kwenye nyuso za wenzi hao, na wakakuta kwamba wengi wanajizungusha kwa siku chache tu, kilele kikiwa siku 2 na nusu hivi. Jua letu huchukua siku 25. Kasi ile ni ya nyota changa, na wenzi hawa si wachanga. Kuna kitu kiliwazungusha upya. Swali la pili lilikuwa rahisi zaidi na, kwa maoni yangu, zito zaidi. Kama nyota ingeweza kuwa kibete moto bila msaada, basi vingepatikana vibete moto vingi vyenye mwenzi wa mbali sana, mbali kiasi kwamba hawakuwahi kugusana, kwa sababu nyota za kawaida zina wenzi wa namna hiyo kwa wingi. Wakatumia vipimo vya satelaiti ya Gaia, wakapekua vibete moto 2,938, wakitafuta nyota inayosafiri navyo bega kwa bega angani. Walipata 16. Na kati ya hao 16, angalau 6 ni mifumo ya nyota tatu, ambamo kibete moto kina mwenzi mwingine wa ndani. Upungufu huo unasema kwamba kuwa na mwenzi wa mbali asiyegusa hakutoshi kitu. Asiyeguswa hawi kibete moto.

Wapo hata hivyo vibete moto visivyo na mwenzi yeyote anayeonekana, theluthi moja hivi. Hoja yangu inavielezaje? Kwa kusema kwamba mwenzi yumo ndani. Zhanwen Han, Philipp Podsiadlowski na wenzao walionyesha katika makala zao za mwaka 2002 na 2003 kwamba vibete vyeupe viwili vya heliamu, vilivyoachwa karibu na matukio ya awali, vitazidi kusogeleana vikipoteza nishati kwa mawimbi ya mvutano, mpaka vikaungana. Zao la muungano huo ni zito kiasi cha kuwasha heliamu, na linaonekana kuwa nyota moja. Hapa napaswa kukiri kwamba upande wa pili una hoja ya maana: vitu viwili vilivyoungana baada ya kuzungukana kwa kasi vingepaswa kuzaa nyota inayojizungusha kama pia, ilhali Geier na Ulrich Heber waliopima vibete moto vilivyo peke yake mwaka 2012 walikuta vingi vinajizungusha polepole sana, chini ya kilomita 10 kwa sekunde. Lazima kuwe na breki, na breki hiyo bado haijaelezwa kwa namna ya kuridhisha. Hiki ndicho kiungo dhaifu katika mnyororo wangu, na sitakipaka rangi. Lakini hakijavunjika. Kuna vibete moto vichache vinavyojizungusha kwa kasi kubwa kama nadharia inavyodai. Na mwaka 2022 kikundi cha Matti Dorsch, kisha kikundi cha Pelisoli, walitangaza vibete moto vyenye usumaku wa mamia ya maelfu ya gausi, mamia ya maelfu ya mara kuliko usumaku wa Dunia, na mchafuko wa nyota mbili zinapoungana ndio maelezo ya kwanza ya usumaku wa namna hiyo. Zaidi ya hapo, ile hesabu ya 16 kati ya 2,938 haitegemei breki yoyote, inasimama yenyewe.

Pingamizi la mwisho linatoka mahali pengine kabisa, na ndilo lililonifanya niseme tangu mwanzo kwamba nazungumzia ujirani wetu wa galaksi. Katika mashada makongwe ya nyota, yale yenye mamia ya maelfu ya nyota zilizosongamana, nyota moto za aina hii zipo kwa wingi, lakini Christian Moni Bidin na wenzake walipozipima katika shada la NGC 6752 hawakuona jozi za karibu ila chache mno. Je, si ushahidi kwamba nyota inaweza kujivua yenyewe? Huko, pengine ndiyo. Mashada hayo yana nyota zilizozaliwa na heliamu ya ziada, na nyota za namna hiyo huwahi kuzeeka zikiwa na uzito mdogo, kwa hiyo joho lenyewe ni jembamba tangu awali na upepo wa kawaida unaweza kulimaliza. Tena umri mkubwa wa mashada unabadilisha njia ipi ya nyota mbili inatoa mazao mengi. Han alieleza mwaka 2008 kwamba katika nyota kongwe muungano wa vibete vyeupe unazidi, na zao la muungano liko peke yake. Mimi sidai kwamba sheria ya uwanjani, yaani nje ya mashada, inatawala ndani ya shada. Nadai kwamba mazingira yale si ya kawaida, na kwamba kuyatumia kuielezea nyota ya uwanjani ni kuhamisha jibu kutoka nyumba isiyofanana.

Kwa nini mtu ajali ni njia ipi imezaa nyota ndogo za buluu? Kwa sababu baadhi ya jozi hizi hazitabaki jozi. Katika ile inayoitwa CD-30 11223, mwenzi ni kibete cheupe, na nyota mbili zenye uzito wa jumla unaozidi ule wa Jua zinazungukana kwa dakika 70. Katika HD 265435, iliyotangazwa na kikundi cha Pelisoli mwaka 2021, mzunguko ni dakika 99, na kibete moto kimevutwa na mwenzi wake mpaka kimechukua umbo la tone. Ndiyo maana kinang'aa mara mbili kwa kila mzunguko, kila kinapotuonyesha ubavu. Uzito wa jumla wa jozi hiyo ni kama mara 1.65 ya Jua, zaidi ya kiwango ambacho kibete cheupe kinaweza kukibeba, na hesabu zinaonyesha kwamba baada ya miaka milioni 70 hivi mwisho wake ni mlipuko wa supanova ya aina ya Ia. Milipuko ya aina hiyo ndiyo iliyosambaza sehemu kubwa ya chuma kilichomo ulimwenguni, kikiwamo kile kilicho katika damu yetu, na ndiyo waliyoitumia wanafalaki mwaka 1998 kupima kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi. Tukikosea kuhusu wenzi, tunakosea kuhusu vyanzo vya milipuko ambayo tumeifanya rula ya kupimia ulimwengu. Kuna jambo jingine pia: galaksi kongwe zinatoa urujuanimno ambao nyota zake za baridi hazingeweza kuutoa, na vibete moto ndivyo vinavyoshukiwa. Ikiwa vinazaliwa kwa nyota mbili, basi urujuanimno huo hauwezi kutumiwa kama saa ya kusomea umri wa galaksi, kama ilivyowahi kutumainiwa, maana jozi hutoa vibete moto mapema na huendelea kuvitoa kwa mabilioni ya miaka.

Nimalizie na jambo linalotuhusu sisi tulio karibu na ikweta. HW Virginis iko nyuzi 9 hivi kusini mwa ikweta ya anga, kwa hiyo inapita karibu na utosi kwa mtu aliye Dar es Salaam, Zanzibar, Songea au Mtwara, na majira ya kuitazama vizuri ni jioni za mwezi wa Aprili hadi Juni. Haionekani kwa macho matupu, lakini darubini ndogo ya shule yenye kamera ya kawaida inatosha kuifuatilia, na kwa kuwa mzunguko wake haufiki saa 3, usiku mmoja unatosha kuona kupatwa mara mbili au tatu. Ugomvi wa magimba yanayoizunguka utaamuliwa kwa saa za kupatwa zilizopimwa kwa uangalifu mwaka baada ya mwaka, na kazi ya namna hiyo inahitaji watazamaji wengi kuliko inavyohitaji darubini kubwa. Kituo cha Sutherland, kule Karoo nchini Afrika Kusini, kimeifanya kwa zaidi ya miaka 30. Walimu wa fizikia wanaonisikiliza, na nyinyi wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu: chukueni nyota hii, ipimeni, na pelekeni saa zenu zikajumuishwe na za wengine.